Beki Hasomwi kwa Mabao: Namna ya Kuielewa Safari ya Trifon Ivanov

Kila Kombe la Dunia linapokaribia, picha moja ya mwaka 1994 hurudi kwenye simu za watu. Rashidi Yekini wa Nigeria amezama ndani ya goli, mikono yake imepenya kwenye matundu ya nyavu, analia kwa furaha kwa sababu amefunga bao la kwanza la nchi yake katika historia ya mashindano hayo. Waliofungwa siku ile, tarehe 21 Juni mjini Dallas, ni Bulgaria, na mechi iliisha kwa mabao 3-0. Hivi karibuni nilikuwa kwenye kibanda umiza picha hiyo ilipopita mkono kwa mkono, na kijana mmoja akauliza jambo ambalo wengi huliuliza: ikiwa hawa ndio waliopigwa tatu na Nigeria, walifikaje nusu fainali wiki tatu baadaye? Mwenzake akaongeza swali lake juu ya beki wa timu hiyo mwenye ndevu na nywele ndefu, ambaye sura yake imesambaa sana mtandaoni. Kama alikuwa beki wa maana, mbona klabu alizochezea wengi hatuzijui, na mbona mabao yake ya timu ya taifa hayafiki hata kumi?

Beki huyo ni Trifon Ivanov, aliyezaliwa tarehe 27 Julai 1965 katika eneo la Veliko Tarnovo, mji mkongwe wa kaskazini mwa Bulgaria, na kufariki tarehe 13 Februari 2016 kwa mshtuko wa moyo akiwa na umri wa miaka 50. Maswali yote mawili ni ya haki, na yana chanzo kimoja: tumezoea kuisoma safari ya kila mchezaji kwa kipimo cha mshambuliaji, yaani mabao mangapi, klabu gani kubwa, vikombe vingapi. Kipimo hicho kikiwekwa juu ya beki kinatoa jibu la uongo, na kikiwekwa juu ya beki wa Bulgaria wa kizazi kile kinatoa uongo mara mbili, kwa sababu mchezo wenyewe, sheria zake na hata mipaka ya nchi za Ulaya vilibadilika katikati ya safari yake.

Tuanze na neno lenyewe. Beki ni mchezaji ambaye kazi yake ya kwanza ni kuzuia. Mabeki wa pembeni hulinda upande wa kulia na wa kushoto, na siku hizi hupanda mbele kama mawinga; mabeki wa kati hukaa mbele ya kipa, katika njia fupi zaidi ya kuelekea golini. Ivanov alikuwa beki wa kati. Katika miaka aliyokulia, nafasi hiyo yenyewe iligawanyika katika kazi mbili ambazo leo zimechanganyika. Beki mmoja alipewa mtu wa kumkaba, akamfuata kila alikokwenda. Wa pili, aliyeitwa libero, hakuwa na mtu wake maalumu, bali alibaki nyuma ya wenzake na kuokota kila kilichowapita. Fikiria nyumba yenye wageni wengi siku ya arusi: kijana mmoja ameambiwa asimwache mgeni fulani hata hatua moja, na mzee mmoja ameketi mlangoni pa chumba cha ndani, akijua kwamba yeyote mwenye nia mbaya atapitia hapo mwishowe. Kadiri miaka ya 1990 ilivyosonga, timu nyingi ziliacha mgawanyo huo zikaanza kukaba eneo, ambapo mabeki wanne husimama katika mstari mmoja na kila mmoja hulinda kipande chake cha uwanja. Ivanov ni mtu wa kipindi hicho cha mpito, na alilazimika kuzijua kazi zote.

Sasa hesabu. Aliichezea Bulgaria mechi 76 na kufunga mabao 6 kati ya mwaka 1988 na 1998. Mtu anayeziona namba hizo bila maelezo ataishikilia ile ya mabao, wakati yenye uzito ni ile ya mechi. Kazi ya beki ni kama ya mlinzi wa usiku wa dukani: hakuna daftari linaloandika idadi ya wezi waliofika kwenye kona ya mtaa, wakaliona tochi yake, wakageuza njia. Usiku mmoja mwizi akiingia, mtaa mzima utalijua jina la mlinzi. Hivyo kinachotuambia kama mlinzi alikuwa mzuri ni jambo moja rahisi, nalo ni kwamba mwenye duka aliendelea kumwita kazini. Bulgaria iliendelea kumwita Ivanov kwa miaka kumi, katika kipindi ambacho nchi hiyo ilikuwa na kikosi bora kuliko vyote ilivyowahi kuwa navyo.

Watu wengine hudhani idadi ya rafu na mipira iliyonyang'anywa ingeweza kuziba pengo hilo la takwimu. Haiwezi. Beki anayeteleza mara kumi katika mechi moja ili kupora mpira anaweza kuwa shujaa, na anaweza pia kuwa mtu aliyekosea mahali pa kusimama mara kumi. Kusimama vizuri hakuonekani kwenye jedwali, na mara nyingi hata kamera hailioni, kwa sababu kamera hufuata mpira.

Turudi basi Dallas, kwenye lile bao la Yekini, tulitazame taratibu. Pasi ya chini ilitoka upande wa kulia kwa Finidi George, ikapita mbele ya goli, na Yekini akaisukumia wavuni akiwa hatua chache tu kutoka kwenye mstari. Mpira wa namna hiyo ni adui mkubwa wa beki wa kati. Anakimbia akielekea goli lake mwenyewe, hawezi kuuona mpira na mshambuliaji kwa wakati mmoja, na akiugusa vibaya anajifunga. Picha inawaonyesha mabeki wa kati kwa sababu wao ndio waliokuwa karibu na tukio la mwisho, lakini shambulio kama hilo huwa limeshashinda huko pembeni, sekunde tatu au nne kabla, winga anapopata nafasi ya kuinua kichwa na kuchagua. Nigeria ya mwaka ule ilikuwa na kasi pembeni ambayo timu chache duniani zingeihimili. Sioni haya kusema kwamba kufungwa na timu ile hakukuwa aibu kwa beki yeyote.

Kilichofuata ndicho ambacho picha haisemi. Bulgaria iliifunga Ugiriki 4-0 mjini Chicago, na huo ulikuwa ushindi wake wa kwanza kabisa katika Kombe la Dunia, ingawa ilikuwa imeshacheza fainali tano kabla ya hapo, yaani za 1962, 1966, 1970, 1974 na 1986. Kisha ikaifunga Argentina 2-0, Argentina ambayo ilikuwa imempoteza Diego Maradona, aliyekwisha kuondolewa kwenye mashindano. Timu tatu za kundi hilo zikamaliza na pointi 6 kila moja: Nigeria ya kwanza kwa tofauti ya mabao, Bulgaria ya pili, Argentina ya tatu. Katika hatua ya 16 bora Bulgaria ilitoka sare ya 1-1 na Mexico ikashinda kwa mikwaju ya penalti 3-1, na tarehe 10 Julai ikaitoa Ujerumani, bingwa mtetezi, kwa 2-1.

Ukihesabu kwa jicho la beki, jambo la kustaajabisha linajitokeza. Baada ya yale mabao matatu ya Nigeria, Bulgaria ilicheza mechi nne hadi kufika nusu fainali, na katika mechi hizo ilifungwa mabao mawili tu. Yote mawili yalikuwa ya penalti, moja la Mexico na moja la Lothar Matthäus wa Ujerumani. Hakuna aliyeipenya safu ile mpira ukiwa unachezwa kwa kawaida. Dunia inawakumbuka Hristo Stoichkov, aliyemaliza na mabao 6 na kuwa mfungaji bora pamoja na Oleg Salenko wa Urusi, na Yordan Letchkov aliyeifunga Ujerumani kwa kichwa. Haki yao. Lakini mshambuliaji anaweza kungoja nafasi yake moja kwa sababu tu wale walio nyuma hawajairuhusu mechi iharibike mapema.

Katika mechi hiyo ya Ujerumani kuna tukio moja ambalo ningependa kila kijana anayejifunza nafasi ya beki alitazame. Ujerumani inaongoza 1-0. Andreas Möller anapiga shuti, mpira unagonga mwamba na kurudi uwanjani, Rudi Völler anaumalizia wavuni, na Wajerumani wanaanza kushangilia. Kibendera kiko juu: Völler alikuwa ameotea. Kuotea, kwa maelezo mafupi, ni mshambuliaji kuwa karibu zaidi na mstari wa goli kuliko mpira na kuliko mchezaji wa pili kutoka mwisho wa timu pinzani wakati mwenzake anapoucheza mpira. Völler hakuotea alipoumalizia. Aliotea pale Möller alipopiga. Maana yake ni kwamba muda mfupi kabla ya shuti mabeki walikuwa wamesogea hatua zao na kumwacha nyuma ya mstari wao. Hatua mbili tatu za kwenda mbele, wakati woga wa kawaida wa binadamu unamwambia arudi nyuma. Dakika chache baadaye Stoichkov akasawazisha kwa mpira wa adhabu, Letchkov akaongeza la pili, na mechi ikageuka.

Mabeki wanne waliocheza siku hiyo walikuwa Iliyan Kiriakov, Ivanov, Petar Hubchev na Tsanko Tsvetanov. Watatu kati yao, wote isipokuwa Hubchev, walipitia klabu moja ya mkoani iitwayo Etar, ya Veliko Tarnovo, mbali na klabu kubwa za mji mkuu wa Sofia. Kiungo Krasimir Balakov naye alitoka hapo hapo. Hilo linatupeleka kwenye swali la pili, lile la klabu zisizojulikana, ambalo ndilo gumu zaidi kulifafanua.

Ivanov alianza soka ya ngazi ya juu Etar mwaka 1983, akahamia CSKA ya Sofia mwaka 1988. CSKA ilikuwa klabu ya jeshi, na chini ya kocha Dimitar Penev ilitwaa ubingwa wa Bulgaria katika misimu ya 1988-89 na 1989-90. Katika msimu wa kwanza kati ya hiyo ilifika nusu fainali ya Kombe la Washindi la Ulaya, mashindano ya zamani ya klabu zilizotwaa vikombe vya nchi zao, ikatolewa na Barcelona ya kocha Johan Cruyff, ambayo baadaye ikamsajili Stoichkov. Kocha Penev mwenyewe alikuwa beki wa kati wakati wake, aliyecheza Kombe la Dunia la 1966, 1970 na 1974, na ndiye aliyeiongoza Bulgaria mwaka 1994. Nadhani haikuwa bahati kwamba Ivanov alikomaa mikononi mwa mtu huyo.

Hapa inabidi tuache mpira kidogo tuzungumzie mipaka. Hadi mwishoni mwa mwaka 1989 Bulgaria ilikuwa chini ya utawala wa chama kimoja cha kikomunisti, na mchezaji hakuwa na uhuru wa kusaini mkataba na klabu ya Magharibi kwa hiari yake. Alihitaji ruhusa ya wakubwa, na kwa kawaida ruhusa hiyo ilitolewa mchezaji akiwa amekaribia kuchoka. Todor Zhivkov, aliyeitawala nchi kwa zaidi ya miaka 30, aliondoka madarakani Novemba 1989, na mara milango ikafunguka. Stoichkov akaenda Barcelona, Emil Kostadinov akaenda Porto, Balakov akaenda Sporting ya Lisbon, Letchkov na Hubchev wakaenda Hamburg. Ivanov, ambaye kwa wakati huo alikuwa na miaka kama 25, akaenda Real Betis ya Sevilla, nchini Uhispania, na baadaye Neuchâtel Xamax ya Uswisi.

Anayeitazama orodha hiyo leo husema kwamba wengine walipata klabu kubwa kwa sababu walikuwa bora, na Ivanov alipata Betis iliyokuwa ikipanda na kushuka daraja kwa sababu alikuwa wa kawaida. Hoja hiyo inasahau kwamba wakati huo ligi za Ulaya ziliweka kikomo cha wachezaji wa kigeni. Kwa jumla ilikuwa wageni watatu uwanjani, na katika mashindano ya klabu za Ulaya wangeweza kuongezwa wawili waliokaa nchini kwa muda mrefu. Jiweke katika nafasi ya tajiri wa klabu aliyepewa viti vitatu tu vya wageni kwenye basi zima. Atampandisha nani? Karibu kila tajiri aliwapandisha wafungaji na viungo wachezeshaji, watu wanaojaza uwanja, halafu ulinzi akawaachia wazawa. Beki wa kigeni alikuwa bidhaa iliyonunuliwa mwisho, na mara nyingi ilinunuliwa na klabu yenye shida. Kwa hiyo klabu ya beki wa miaka ile haikuwa kipimo cha uwezo wake kama ilivyo leo.

Leo imekuwa tofauti kwa sababu ya hukumu ya Bosman, jina ambalo wengi hulitaja bila kulielewa. Jean-Marc Bosman alikuwa mchezaji wa Ubelgiji ambaye mkataba wake ulikwisha, lakini klabu yake ikaendelea kudai ada ili kumruhusu aondoke. Tarehe 15 Desemba 1995 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua mambo mawili: mchezaji aliyemaliza mkataba anaweza kuhama bila ada kutoka nchi moja ya Umoja wa Ulaya kwenda nyingine, na klabu haziwezi kuwahesabu raia wa nchi za Umoja huo kuwa wageni wanaowekewa kikomo. Kosa linalorudiwa mara nyingi ni kudhani kwamba hukumu hiyo iliwafungulia mlango wachezaji wote wa Ulaya siku hiyo hiyo. Bulgaria iliingia katika Umoja wa Ulaya tarehe 1 Januari 2007. Ivanov alikuwa na miaka 30 hukumu ilipotolewa, na kisheria yeye na Wabulgaria wenzake walibaki wageni kama walivyokuwa wageni Wanigeria na Wabrazili. Zaidi ya hayo, hukumu iliwafungulia wenzao wa Magharibi, na nafasi za watu wa Mashariki zikawa na washindani wapya.

Kwa kizazi hicho, basi, timu ya taifa ndiyo iliyokuwa nyumba yenye nguzo, na klabu zilikuwa vyumba vya kupanga. Ndiyo maana ukitaka kumsoma Ivanov lazima umsome kwanza akiwa na jezi ya taifa. Tarehe 17 Novemba 1993 alikuwa uwanjani Parc des Princes, Paris, Bulgaria ilipohitaji ushindi ili kufuzu na Ufaransa ikahitaji sare tu. Éric Cantona alitangulia kufunga, Kostadinov akasawazisha, na hadi dakika ya mwisho matokeo yalikuwa 1-1. David Ginola alipata mpira karibu na kibendera cha kona ya Bulgaria, mahali ambapo angeweza kuuficha hadi filimbi ya mwisho. Akaupiga krosi. Krosi ikapita kila mtu, mpira ukarudi kwa Wabulgaria, na baada ya pasi chache Kostadinov akaachia shuti kali lililomshinda kipa. Katika kumbukumbu za watu mechi hiyo ni ya Kostadinov, na kweli mabao yote mawili ni yake. Lakini mfungaji wa dakika ya 90 anafaidika tu ikiwa wenzake wamezuia dakika 89 zilizotangulia.

Kuna ugumu mwingine ambao hutajwa mara chache, nao ni kwamba Ivanov hakumaliza kazi ile ile aliyoianza. Sheria ziligeuka chini ya miguu yake mara tatu. Mwaka 1990 sheria ya kuotea ililegezwa: mshambuliaji aliye sambamba na beki wa pili kutoka mwisho akaacha kuhesabiwa kuwa ameotea, na mtego ambao mabeki walikuwa wameuzoea tangu utotoni ukapungua kina. Mwaka 1992 kipa akakatazwa kuushika kwa mikono mpira ambao mwenzake amemrudishia kwa mguu kwa makusudi. Anayecheza leo hawezi kujua ukubwa wa badiliko hilo. Kabla yake, beki aliyebanwa alikuwa na mlango wa dharura wakati wote. Aligeuka, akamrudishia kipa, kipa akaudaka, na hatari ikaisha. Baada yake, beki huyo huyo alilazimika kugeuka na mpira mguuni, mshambuliaji akiwa mgongoni, na kupiga pasi kama kiungo. Kombe la Dunia la 1994 lilikuwa la kwanza kuchezwa chini ya sheria hiyo. Hatimaye, kuelekea fainali za 1998, waamuzi waliagizwa kutoa kadi nyekundu kwa anayemchezea mwenzake rafu ya hatari kutoka nyuma, na silaha kongwe ya mabeki wa kukaba mtu kwa mtu ikaondolewa. Ni sawa na fundi cherehani aliyefunzwa kwa mashine ya miguu, akaletewa ya umeme katikati ya kazi, kisha akaambiwa mkasi aliouzoea umepigwa marufuku, na wateja wanaendelea kungoja suti zao. Mabeki wengi wa umri wake walipotea katika mabadiliko hayo. Yeye alicheza kote.

Hili la ndevu na nywele nalo linahitaji kunyooshwa. Walimpa jina la Mbwa Mwitu wa Bulgaria, na kwa sababu ya sura yake watu wengi walioziona picha tu wanaamini alikuwa mpiga watu, beki aliyeishi kwa kutisha. Sura haichezi mpira. Mtu asiyeweza kufanya lolote isipokuwa kutisha hawezi kudumu miaka kumi katika timu ya taifa kupitia mabadiliko ya sheria niliyoyataja, wala makocha hawangempanga katikati ya ulinzi, mahali ambapo rafu moja isiyo na akili ni penalti. Mpira wake ulikuwa wa nguvu, ndiyo, na mashuti yake ya mbali yalijulikana: alipiga kutoka umbali ambao wengine hawangethubutu, na mengi yalipaa juu ya mwamba. Hapo tena watu wamegawanyika, wengine wakidhani alifunga mabao mengi ya aina hiyo, wengine wakidhani alikuwa anapoteza mipira tu. Kwa timu ya taifa alifunga 6, wala si mengi, lakini yapo ya thamani kubwa. Tarehe 14 Desemba 1994 mjini Cardiff ndiye aliyefungua mabao katika ushindi wa 3-0 dhidi ya Wales, njiani kuelekea Euro 1996. Na tarehe 10 Septemba 1997 mjini Sofia alifunga bao pekee katika mechi dhidi ya Urusi, bao lililoipeleka Bulgaria Kombe la Dunia la 1998 na kuiacha Urusi ikienda kwenye mechi za mchujo, ambako ilitolewa na Italia. Tangu fainali hizo za 1998 Bulgaria haijafuzu tena Kombe la Dunia. Bao la mwisho la kuipeleka huko lilifungwa na beki.

Kuhusu klabu, kituo kilichomfaa kuliko vyote kilikuwa Vienna. Mwaka 1995 alijiunga na Rapid, na katika msimu wake wa kwanza klabu hiyo ikatwaa ubingwa wa Austria na kufika fainali ya Kombe la Washindi la Ulaya, iliyochezwa Brussels tarehe 8 Mei 1996, ambako ilifungwa 1-0 na Paris Saint-Germain kwa bao la Bruno N'Gotty, naye beki. Msimu uliofuata Rapid ilicheza Ligi ya Mabingwa katika kundi lenye Juventus, Manchester United na Fenerbahçe. Kwa hiyo anayesema Ivanov hakuwahi kucheza ngazi kubwa ya klabu hajatazama vizuri. Ngazi hiyo aliifikia akiwa na miaka 30 na zaidi, umri ambao mshambuliaji huanza kushuka na beki wa kati huwa ndiyo kwanza anajua kila kona ya kazi yake. Hii nayo ni tofauti ya kuzingatia unaposoma rekodi: miguu ya mshambuliaji huzeeka kabla ya akili yake kukomaa, ilhali beki wa kati mwenye akili anaweza kuzuia kwa kuona mapema kile ambacho zamani alikizuia kwa mbio. Baadaye alivuka mji ule ule akajiunga na Austria Wien, mahasimu wa jadi wa Rapid, jambo ambalo si wachezaji wengi hulifanya na bado wakapokelewa vizuri na mashabiki waliowaacha. Yeye alibaki kipenzi chao.

Mwaka 1998 akakutana tena na Nigeria. Ilikuwa tarehe 19 Juni, na uwanja ulikuwa ule ule wa Parc des Princes ambako miaka mitano nyuma aliwaona Wafaransa wakilia. Nigeria ilishinda 1-0 kwa bao la Victor Ikpeba. Katika mechi ya kwanza Bulgaria ilikuwa imetoka 0-0 na Paraguay. Katika ya tatu, mjini Lens, ilifungwa 6-1 na Uhispania na kuaga mashindano. Kizazi kile kilikuwa kimechoka kwa pamoja, na safu ya ulinzi ndiyo huonyesha uchovu mapema, kwa sababu mshambuliaji aliyechoka hapati bao tu, lakini beki aliyechoka hufungwa.

Hakurudi tena timu ya taifa. Alihamia Floridsdorfer AC, klabu ya mtaa ulio ng'ambo ya mto Danube hapo hapo Vienna, akacheza madaraja ya chini mbele ya watu wachache, na huko ndiko alikotundika daluga.